Kusimamisha puto la hewa moto: kazi ya timu ya ardhini

Anayetaka kuujua mchezo wa puto la hewa moto asianze na kuruka. Aanze kwa kuvaa glavu na kushika kamba, maana makosa mengi hutokea kabla kikapu hakijaiacha ardhi. Hapa tunachukua puto la watu watatu au wanne, lenye ujazo wa mita za ujazo 2,200 hivi, chini ya rubani mwenye leseni. Wasaidizi wanne wanatosha. Wakiwa watano, kazi inakwenda kwa utulivu zaidi.

Upepo na baridi

Fika uwanjani kabla jua halijachomoza, au ujiandae kuruka katika saa mbili za mwisho za mchana. Jua likishapanda, ardhi hupata joto bila usawa na hewa huanza kupanda kwa mikupuo, na puto halina usukani wa kupambana nayo. Achia kijiputo cha heliamu ukifuate kwa macho uone upepo unavyogeuka kila kimo. Upepo wa chini ukizidi kilomita 15 kwa saa, mwanafunzi asitoe kitu kwenye gari.

Baridi ni rafiki, na hesabu yake ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 15 ina uzito wa kilo 1.225, ukiipasha hadi nyuzi 100 inabaki kilo 0.95 hivi. Zidisha tofauti hiyo kwa 2,200 na unapata kilo 600 za kunyanyua kitambaa, kikapu, mitungi na watu. Nje kukiwa na nyuzi 25, zinabaki kama 520. Abiria mmoja kabaki chini.

Kuunganisha

Simamisha kikapu, chomeka nguzo nne, funga kichomeo juu yake, kisha unganisha mipira ya gesi. Paka povu la sabuni kwenye viungo. Propani, gesi inayochomwa hapa, ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutuama chini ya kikapu, miguuni mwa watu. Jaribu kichomeo kikiwa bado kimesimama. Hitilafu ijulikane sasa, wala si mfuko wa kitambaa ukiwa umeshajaa hewa.

Sasa laza kikapu ubavuni, mdomo wake ukielekea upepo unakokwenda. Kifunge kwenye gari lililo upande unakotoka upepo, kwa kifyatuo kinachoachia kwa mvuto mmoja. Gari liwe kwenye gia na breki ya mkono. Nyosha kitambaa, hakikisha nyaya hazijasokotana, na kaza skrubu ya kila karabina, yaani pete ya chuma inayounganisha nyaya na kikapu.

Aliye utosini, yaani kwenye kilele cha mfuko, ana kazi ya uvumilivu: kuubandika mwavuli, lile duara la kitambaa linaloziba tundu la juu. Vibandiko vya velkro vina namba. Linganisha kimoja kimoja. Ukivichanganya, hewa moto itatorokea hapo na puto litakataa kusimama.

Hewa baridi

Weka feni kando ya kikapu, ipulize kwenye mdomo wa mfuko. Wawili wanaushika mdomo wazi, wakiwa na glavu za ngozi na nguo za pamba au sufu, kwa sababu nailoni huyeyukia mwilini. Skafu zivuliwe, nywele zifungwe. Usikanyage kitambaa wala kusimama ndani ya kitanzi cha waya.

Usiharakishe hapa. Mfuko uliojaa nusu huacha mikunjo inayoning'inia mbele ya kichomeo, na ndiyo inayoungua. Subiri ubavu wa juu ukazike na upige mlio kama ngoma ukiugonga kwa kiganja.

Moto

Rubani huanza na mpulizo mfupi ili washika mdomo waone mwali unapita wapi. Geuza uso pembeni, nyosha mikono, usiachie. Mipulizo mirefu hufuata, yenye mapumziko kati yake.

Wakati huo huo, mshika kamba ya utosi, ile iliyofungwa kwenye kilele cha mfuko, anaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Puto likianza kunyanyuka, aende nalo hatua kwa hatua, kamba ikibaki imekaza. Akiachia mapema, utosi huruka juu kwa kasi, unapitiliza, na kitambaa kinayumba hadi kwenye mwali. Kamba isizungushwe mkononi kamwe. Miguu ikianza kuwa myepesi, achia papo hapo. Hakuna puto lenye thamani ya mguu wa mtu.

Kikapu kikisimama, kila mtu aweke uzito wake ukingoni, miguu ikiwa ardhini. Rubani mwanafunzi ajue kwamba joto la mpulizo huchukua sekunde kadhaa kuonekana. Asiyesubiri huongeza moto, halafu puto linapaa kuliko alivyotaka. Choma kidogo, hesabu, tazama. Kipimajoto cha utosini kisipite kikomo cha mtengenezaji, ambacho kwa mifuko mingi ya nailoni ni karibu nyuzi 120.

Kabla ya kufyatua, jihadhari na mnyanyuko wa uongo. Upepo unaopita juu ya puto lililofungwa hulivuta juu, hata kama ndani halijapata joto la kutosha. Likiachiwa, linakwenda pamoja na upepo, mvuto ule unatoweka, na puto linashuka kuelekea miti iliyo mbele. Dawa ni kuongeza joto la kweli kwanza, wasaidizi wakiendelea kukandamiza ukingo.

Kutua na kukunja

Wakati wa kutua, kunja magoti kidogo, shika vishikizo vya ndani, mgongo uelekee unakokwenda. Asitoke mtu hadi rubani aseme: kilo 80 zikiruka nje, waliobaki wanapaa tena. Rubani huvuta mwavuli, hufunga mitungi na kuunguza gesi iliyobaki kwenye mipira, huku wasaidizi wakiulaza mfuko kwa kamba ya utosi.

Sukuma hewa kuanzia mdomoni kwenda utosini, ukikumbatia kitambaa kama gogo. Kama kulikuwa na umande, usikihifadhi hivyo. Kianike siku hiyo hiyo au kesho yake, kabla ukungu haujaanza kula mishono.