EVE Online: mzinga mkubwa, kimeli kidogo, na hesabu iliyo katikati

Katika EVE Online, mchezo wa kompyuta wa vita vya meli za angani, frigeti (meli ndogo yenye kasi) inakuzunguka, mizinga yako mikubwa inapiga hewa tu. Kabla hujakimbilia sokoni kununua moduli (kifaa cha kufunga kwenye meli) ya kuongeza madhara, chukua kikokotoo. Hesabu hii ni ya mizinga peke yake. Makombora yana kanuni yao nyingine kabisa.

Hatua ya 1: kasi ya pembe, yaani jinsi mwelekeo wa adui unavyobadilika haraka ukimtazama. Kwenye mipangilio ya orodha ya meli zilizo karibu, washa safu inayoionyesha. Kwa mkono, gawa kasi ambayo adui anakatiza mbele yako kwa umbali. Akikatiza kwa mita 300 kwa sekunde akiwa mita 15,000 kutoka kwako, unapata radiani 0.02 kwa sekunde. Anayekujia moja kwa moja, hata awe mbio namna gani, ni sifuri.

Hatua ya 2: ulengaji. Zidisha kasi ya pembe kwa 40,000. Gawa kwa trakingi ya mzinga (uwezo wake wa kumfuata adui anayesogea) ukiizidisha na ukubwa wa alama ya adui kwenye rada. Tuseme trakingi ni 10 na alama ya frigeti ni mita 40: 800 ÷ 400 = 2. Weka kipeo cha pili, unapata 4.

Hatua ya 3: umbali. Adui akiwa ndani ya masafa bora, yaani umbali ambao mzinga haupotezi shabaha, andika sifuri na uendelee. Akiwa nje, toa masafa bora kwenye umbali, gawa kwa masafa ya ziada ya mzinga (umbali ambao shabaha inapungua polepole), kisha kipeo cha pili.

Hatua ya 4: jumlisha majibu ya hatua ya 2 na ya 3. Hicho ndicho kipeo cha 0.5, na jibu ni uwezekano wa kumpata adui. Kwa frigeti yetu iliyo ndani ya masafa bora ni 0.5 kwa kipeo cha 4, yaani 6.25%. Mzinga uleule ukilenga meli ya kivita yenye alama ya mita 400, unapata kama 97%.

Hatua ya 5: madhara. Hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Mchezo unachagua namba moja ya bahati kati ya 0 na 1, na namba hiyohiyo inaamua kama umepata na umepata kwa nguvu gani. Ikiwa chini ya 0.01, unapiga mara 3. Vinginevyo, ikiwa chini ya uwezekano wako, ijumlishe na 0.49, kisha zidisha madhara ya mzinga. Ikizidi, umekosa. Kwa hiyo mwenye uwezekano wa 50% hapati nusu ya madhara: risasi zake nzuri zote zimekatwa, na wastani wake unashuka hadi kama 39.5%. Frigeti yetu? Kama 6%.

Kinachobaki kinapita kwenye kinga ya adui, inayopunguza kila aina ya madhara kwa kiwango chake. Ngao ya kawaida, kabla ya moduli, haizuii kitu dhidi ya sumakuumeme, huzuia 20% ya joto, 40% ya kinetiki na 50% ya mlipuko. Chagua risasi kwa kuangalia hapo.

Sasa mfunge adui kwa moduli ya kupunguza mwendo ya 60%. Kasi yake inakuwa 120, jibu la hatua ya 2 linashuka hadi 0.64, uwezekano unapanda hadi 64% na wastani wa madhara hadi kama 54%. Hiyo ni zaidi ya mara tisa, na hakuna moduli ya madhara itakayokupa hivyo. Huna ya kumfunga? Elekeza meli yako upande anaoelekea yeye, kasi ya kukatiza ipungue, ndipo ufyatue.