Unaoa Mtwara? Angalia kwanza hela ya korosho
Kama unategemea hela ya korosho usipange harusi Oktoba, minada ndo kwanza inaanza na malipo yanaweza kuchelewa, sogeza mpaka Januari upumue. Mahari waachie wazee, we kaa kimya. Mnaofunga bomani pelekeni taarifa ya ndoa siku 21 kabla, ndo Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka, watu wanahangaika na kadi na ukumbi hii wanaisahau kabisa. Bi harusi apate muda na somo wake (mama anayemfunda), msimburuze kwenye vikao vya kamati. Halafu jamani michango yote isiishie kwenye mziki na sare (sare zenyewe mnavaa mara moja!), bakizeni kodi, godoro, jiko la gesi, na muongee mapema nani anatuma hela kwao na kiasi gani, hapo ndo kununiana kunapoanzaga.