Namna ya kujijenga kuwa wakili wa kodi za majimbo na miji nchini Marekani

Anayetaka kuwa wakili wa kodi za biashara katika majimbo ya Marekani ajiandae mapema kushughulika si na sheria moja ya kodi, bali na sheria za majimbo 50, pamoja na za kaunti na miji, kila moja ikiwa na msamiati wake na mahakama zake. Majimbo 45 hutoza kodi ya mauzo. Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon hayana kodi hiyo kwa jimbo zima, ingawa ndani ya Alaska iko miji inayojitozea yenyewe. Jimbo la Washington halitozi faida ya kampuni, bali hutoza mapato ghafi ya biashara, hata kampuni iliyopata hasara ikawa inadaiwa.

Njia ya kawaida ni Juris Doctor, yaani shahada ya sheria ya Marekani, ya miaka 3, kisha mtihani wa uwakili wa jimbo husika. Kwa msomaji aliyehitimu sheria Kenya, Tanzania au Uganda, New York hufaa kuchunguzwa kwanza, kwa kuwa jimbo hilo huruhusu baadhi ya wahitimu kutoka nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza kufanya mtihani huo baada ya vyeti vyao kutathminiwa, na wengine hutakiwa kwanza kusoma shahada ya uzamili ya sheria nchini humo. Hapa pana mtego. Shahada ya uzamili ya kodi, kama zile za New York University, Georgetown au Florida, ina heshima kubwa katika fani hii, lakini kanuni za New York kwa anayehitaji shahada hiyo zinadai masomo maalumu, yakiwemo maadili ya uwakili na misingi ya sheria ya Marekani, ambayo mwanafunzi anayejaza ratiba yake kwa kodi peke yake anaweza kuyakosa. Andikia bodi ya mtihani kabla ya kulipa ada ya chuo.

Baada ya hapo, jifunze kwanza swali ambalo karibu kila faili huanza nalo: je, jimbo hili lina haki ya kumtoza mfanyabiashara huyu? Jibu linatoka kwenye Katiba, kupitia Mahakama ya Juu ya Marekani. Katika shauri la Complete Auto Transit la 1977, mahakama iliweka masharti manne: shughuli iwe na kiungo cha kutosha na jimbo, kodi igawanywe kwa haki, isibague biashara inayovuka mipaka ya majimbo, na iendane na huduma ambazo jimbo hutoa. Kwa miaka mingi kiungo hicho, kwa kodi ya mauzo, kilihitaji mfanyabiashara awe na ofisi, ghala au mtu wake ndani ya jimbo. Tarehe 21 Juni 2018, katika shauri la South Dakota dhidi ya Wayfair, majaji watano dhidi ya wanne waliifuta kanuni hiyo na kuikubali sheria ya South Dakota iliyotazama mauzo yanayozidi dola 100,000 au miamala 200 kwa mwaka. California na Texas zimeweka kiwango cha dola 500,000, na South Dakota yenyewe iliacha kuhesabu miamala mwaka 2023. Wakili mzuri hategemei kumbukumbu katika mambo haya. Hufungua sheria ya jimbo upya kila mara.

Kodi ya faida ina kinga yake, iliyotungwa na Bunge mwaka 1959, inayomlinda muuza bidhaa zinazoshikika ambaye anachofanya ndani ya jimbo ni kutafuta oda tu, ilhali oda hizo huidhinishwa na kupelekwa kutoka nje. Isome pamoja na shauri la Wrigley la 1992, ambamo kampuni ya pipi za kutafuna ilipoteza kinga kwa sababu, pamoja na mengine, wauzaji wake walibadilisha pipi zilizochacha madukani. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi hii hushindwa au hushinda kwenye maelezo ya kazi za kila siku za mteja. Zungumza na dereva, mtunza ghala na muuzaji, si mhasibu mkuu peke yake.

Hesabu usiiogope, ila usiikwepe. Chukua kampuni yenye faida ya dola milioni 10, ambayo katika jimbo moja ina asilimia 70 ya mali yake, asilimia 60 ya mishahara na asilimia 20 ya mauzo. Kwa kanuni ya zamani ya wastani wa vigezo vitatu, jimbo hilo hutoza kodi yake juu ya nusu ya faida, yaani juu ya milioni 5. Kwa kanuni ya mauzo pekee, ambayo majimbo mengi yameihamia, hutoza juu ya milioni 2 tu. Mabishano makubwa basi hubaki kwenye swali la mauzo yamefanyika wapi, hasa kwa huduma, ambazo hazisafirishwi kwa lori.

Mwajiri wa kwanza anaweza kuwa kampuni ya uhasibu, ofisi ya mawakili au idara ya mapato ya jimbo. Mimi ningemshauri kijana asiidharau idara, kwani huko huona jinsi wakaguzi wanavyochagua sampuli ya miezi michache na kutanua makosa yake kwa miaka yote, na jinsi cheti kimoja cha msamaha wa kodi ya mauzo kilichokosekana, cha mnunuzi anayenunua ili auze tena, kinavyokuwa deni kubwa.

Mteja asiyewahi kuwasilisha ritani mahali alipostahili aelezwe wazi kwamba muda wa ukomo, ambao ukipita jimbo haliwezi tena kudai, kwa kawaida hauanzi kuhesabiwa. Majimbo mengi hukubali ajitokeze kwa hiari na kulipa miaka michache tu ya nyuma, mradi idara haijamtafuta kwanza. Lakini kodi aliyokwisha kuikusanya kwa wateja na kukaa nayo, kwa kawaida, hudaiwa yote.

Makadirio ya kodi inayodaiwa yakishatolewa, mahakama za shirikisho kwa kawaida haziwezi kuyazuia, kutokana na sheria ya 1937, hivyo pingamizi hupitia vyombo vya jimbo na kwa muda wa jimbo. New York hutoa siku 90 tangu notisi ilipotumwa. Mwambie karani asitupe bahasha, na andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda kabla hujasoma kiasi kinachodaiwa.