Namna ya Kusanifu na Kujenga Banda la Mbwa la Nje

Wengi wanaojenga banda la mbwa huanza kwa kufikiria paa na kuta, ilhali mambo mawili ndiyo yanayoamua kama mbwa ataishi humo akiwa na afya: maji yatatokea wapi, na mtu atalisafisha vipi. Sakafu inayotuamisha mkojo hunuka, huvuta nzi na humuumiza mbwa ngozi hata kama kuta zimepakwa rangi ya kupendeza, na banda ambalo mtu hana budi kutambaa ili alifagie kwa kawaida halifagiwi. Mwongozo huu unahusu banda la kudumu lenye sehemu mbili, yaani kibanda cha kulala na ua uliozungushiwa wavu, linalofaa mbwa mmoja au wawili.

Kabla ya kununua chochote, mpime mbwa mwenyewe. Pima urefu wake kuanzia puani hadi shina la mkia, kimo chake kuanzia chini hadi utosini akiwa amesimama, na upana wa kifua chake. Ikiwa bado ni mtoto, tumia vipimo vya mbwa mzima wa aina yake. Kibanda cha kulala kinapaswa kumruhusu asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke bila kujibana, na alale ubavu akiwa amenyoosha miguu. Kwa mbwa wa aina ya German Shepherd, ambaye dume lake huwa na kimo cha sentimita 60 hadi 65 mabegani, kibanda chenye urefu wa sentimita 120, upana wa 90 na kimo cha 85 hadi 90 kinatosha. Katika maeneo ya baridi usizidishe sana vipimo hivyo, kwa kuwa mbwa hukipasha joto kibanda kwa mwili wake, na kikiwa kikubwa mno joto hilo hupotea.

Ua ni jambo lingine, na hapo ukubwa hauna hasara. Mita 2 kwa 4 ni mwanzo unaokubalika kwa mbwa wa ukubwa huo, na ukipata nafasi zaidi, ongeza urefu kabla ya upana ili apate mahali pa kutembea kwenda na kurudi. Hata hivyo, hakuna ua wa ukubwa huo unaoweza kuchukua nafasi ya matembezi ya kila siku. Mbwa anayefungiwa kutwa kucha hubweka, huchimba na hutafuna mbao, kisha lawama huangukia banda.

Chagua mahali palipoinuka kidogo, pasipopitiwa na maji ya mvua kutoka mteremkoni. Mti wenye kivuli ni neema kubwa, mradi mizizi yake isije ikapasua sakafu. Mlango wa kibanda uelekezwe upande usiokabili upepo wenye mvua. Karibu na ikweta, ambako jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi, ni vyema pande ndefu za banda zitazame kaskazini na kusini ili eneo linalochomwa liwe dogo. Epuka pia kuliweka banda kando ya njia ya wapita njia, kwani mbwa anayeona miguu ya watu kila dakika hana wakati wa kupumzika, na majirani nao hawatapumzika.

Sasa tuje kwenye sakafu, sehemu inayostahili pesa na subira kuliko nyingine zote. Udongo mtupu unaonekana kuwa laini na wa asili, lakini huloweka mkojo na kufuga mayai ya minyoo. Viluwiluwi vya minyoo ya safura hustawi katika udongo wenye unyevu na kivuli, na huweza kupenya hata ngozi ya mtu anayekanyaga pekupeku. Changarawe hupitisha maji vizuri, ila kinyesi hujipenyeza katikati yake, na baadhi ya mbwa humeza mawe. Kwa hiyo zege ndilo chaguo la busara kwa banda la kudumu.

Ondoa udongo wa juu wenye majani na mizizi, jaza kifusi cha mawe, kishindilie barabara, kisha mwaga zege lenye unene wa sentimita 10. Mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto unatosha. Kwa sakafu ya mita 2 kwa 4, unene huo ni sawa na mita za ujazo 0.8, ambazo huhitaji takriban mifuko 5 ya saruji ya kilo 50. Tandaza zege likiwa na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kutoka kwenye kibanda kuelekea nje. Fundi asiyeelezwa mapema atalilaza sawasawa kama sakafu ya sebule, kwa sababu ndivyo alivyozoea. Mwoneshe kwa uzi na pima maji kabla ya kazi kuanza, na uhakikishe tena kabla zege halijakauka.

Uso wa sakafu usiwe wa kuteleza wala wa kukwaruza. Baada ya kulainisha kwa mwiko, pitisha ufagio laini mara moja kufuata mteremko, ili mikwaruzo midogo iongoze maji badala ya kuyazuia. Limwagilie zege maji kila siku kwa wiki moja, ukilifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, kwani linalokauka haraka hupata nyufa, na nyufa ndizo maficho ya kupe. Mtaro wa kupokea maji machafu ujengwe nje ya wavu, upana wake ukitosha koleo kupita, na umalizikie kwenye shimo la kunyonya maji lililo mbali na kisima. Zege likishakomaa, mwaga ndoo ya maji upande wa juu na uangalie. Mahali popote panapobaki dimbwi parekebishwe wakati huo, kabla nguzo na kuta hazijasimama.

Kibanda cha kulala kinaweza kujengwa kwa mbao, plaiwudi ngumu au matofali yaliyopigwa lipu. Mbao zina faida ya kuzuia joto na baridi, tena kibanda cha mbao kinaweza kuhamishwa. Kiinue sentimita 10 hadi 15 juu ya zege kwa miguu au vipande vya matofali, ili hewa ipite chini na sakafu yake isioze. Mlango usiwekwe katikati ya ukuta. Ukiwa pembeni, mbwa hupata kona iliyojikinga na upepo. Si lazima ufikie kimo cha kichwa chake, kwa kuwa huinama anapoingia. Kimo kinachokaribia mabega na upana unaozidi kifua kwa sentimita chache vinatosha. Weka kizingiti cha sentimita 10 ili majani makavu au godoro lisitoke nje. Paa la kibanda, au ukuta wake mmoja, lifungwe kwa bawaba, maana mkono wako lazima ufike kila kona.

Hapa pana onyo kuhusu dawa za mbao. Oili chafu ya magari hupakwa sana kuzuia mchwa, na kriosoti, yaani mafuta meusi ya lami, hutumika kwenye nguzo, lakini vyote viwili ni sumu kwa mnyama anayelamba na kutafuna kila kitu. Pendelea mbao ngumu zisizohitaji dawa, au upake rangi isiyo na risasi upande wa nje tu na uiache ikauke mpaka harufu iishe. Kingo zinazotafunika sana, hasa za mlango, zifunikwe kwa ukanda wa bati uliokunjwa ili usikate.

Joto huua mbwa haraka kuliko baridi, nasi tunalisahau kwa sababu mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Yeye hujipoza hasa kwa kuhema, na katika hewa iliyotulia yenye unyevunyevu kuhema huko hakumsaidii sana. Joto la kawaida la mwili wake ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi. Likipita 41, uhai wake uko hatarini. Mabati matupu juu ya kibanda kifupi hukigeuza tanuri. Yakitumika, weka dari ya plaiwudi chini yake, ukiacha nafasi ya sentimita 10 iliyo wazi pande mbili ili hewa ya moto itoke, na upake bati rangi nyeupe. Matundu madogo ya hewa yatobolewe juu ukutani, karibu na dari, yasiwe usawa wa mbwa anapolala. Angalau nusu ya ua iezekwe pia, kwa kimo cha mita 2 ili anayesafisha asimame wima, na maji ya paa yamwagikie nje ya ua.

Wavu wa kuku haufai hata kidogo, kwani mbwa wa wastani huupasua kwa meno. Tumia wavu uliochomelewa wa waya usiopungua milimita 3, wenye matundu ya sentimita 5 kwa 5, au madogo zaidi ukiwa na watoto wa mbwa, ambao huingiza kichwa popote. Ule wa kusokotwa unaweza kutumika, ila mbwa hodari hupanda juu yake kama ngazi. Kimo cha mita 1.8 huwazuia walio wengi. Kwa wanaoruka sana, funika juu kabisa. Nguzo za chuma zizikwe sentimita 60 ardhini na kumwagiwa zege, umbali wa mita 2 kati ya moja na nyingine. Wavu ufungwe upande wa ndani wa nguzo, ili mbwa anapousukuma aubane kwenye nguzo badala ya kuung'oa. Ikiwa sehemu ya ua imeachwa na udongo, shusha wavu sentimita 45 ardhini, au laza ukanda wake wa nusu mita chini ya udongo upande wa ndani.

Lango lifunguke kwa ndani, kwa sababu mbwa anayelirukia hulifunga badala ya kulifungua. Komeo liwe na uwezo wa kufunguliwa kutoka pande zote mbili, la sivyo siku moja utajifungia mwenyewe.

Mbwa wawili wasiozoeana watenganishwe kwa ukuta usiopenyeka macho hadi kimo cha mita 1.2, kwani kutazamana siku nzima huwachokoza. Maji machafu ya chumba kimoja yasipite katika kingine.

Usafishaji hufuata utaratibu: zoa kinyesi, sugua kwa sabuni, suuza, ndipo utie dawa. Dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa 30 za maji, huua hata virusi vya parvo, vinavyoleta ugonjwa hatari wa mbwa na ambavyo hudumu katika mazingira kwa miezi mingi, lakini haifanyi kazi juu ya uchafu, na ikichanganyika na mkojo hutoa mvuke wa sumu. Iache dakika 10, suuza, na mbwa arudi sakafu ikishakauka. Nyufa za kuta zizibwe mara zinapoonekana, maana kupe jike akishashiba huanguka, hupanda ukutani na kutaga maelfu ya mayai katika ufa mwembamba.

Kabla ya kumwingiza mbwa, pitisha kiganja kwenye kila uso ulio usawa wake ukitafuta ncha za misumari na waya. Weka kitanda cha mbao kilichoinuka kidogo, kwa kuwa zege humwotesha sugu viwikoni, na bakuli zito la maji lililofungwa mahali penye kivuli. Mwache aingie na kutoka lango likiwa wazi, mlishe humo, na umfungie kwa muda mfupi tu mwanzoni. Katika wiki za kwanza, angalia anapochimba, anapotafuna na anapopendelea kulala saa za mchana. Kama anakikwepa kibanda na kulala nje juani au mvuani, kagua kwanza joto na unyevu wa ndani.