Kibofu Chenye Haraka na Tendo la Ndoa: Mwongozo kwa Mwanamke Anayeishi na Maltipo Sklerosisi

Mwanamke mwenye maltipo sklerosisi anayesafiri kwa meli kutoka Mwanza kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, mara nyingi huacha kunywa maji tangu alfajiri, kwa kuogopa kubanwa na mkojo akiwa katikati ya ziwa. Usiku hofu hiyohiyo humfuata kitandani, akageukia ukutani na kusema amechoka. Mwongozo huu unashughulikia hofu hizo mbili kwa pamoja, kwa sababu chanzo chake ni kimoja.

Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika nyuzi za fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo, hivyo ujumbe hukatika au huchelewa njiani. Mishipa ya fahamu inayoongoza kibofu na ile inayoupa uke na kinembe hisia hutoka sehemu moja ya chini kabisa ya uti wa mgongo. Ndiyo maana kibofu hujikaza kabla hakijajaa, na mwanamke huyohuyo anaweza kupata ganzi ukeni, ukavu, hamu kupungua au kuchelewa kufika kileleni. Hakuna aliyemroga, wala si dalili kwamba amemchoka mumewe.

Anza kwa vipimo. Katika Kanda ya Ziwa, mtu anayekojoa mara kwa mara anaweza kuwa na UTI, kichocho cha mkojo, kisukari au ujauzito, hata kama tayari anajulikana kuwa na maltipo sklerosisi. Damu kwenye mkojo haipaswi kusingiziwa mishipa ya fahamu. Omba pia ultrasaundi mara tu baada ya kukojoa, ili ionekane mkojo uliobaki ni kiasi gani. Kibofu cha mgonjwa huyu kinaweza kuwa na haraka na wakati huohuo kisimalize kutoa mkojo, na dawa za kukituliza zikitolewa bila kipimo hicho zinaweza kuuzuia mkojo zaidi. Kununua antibayotiki dukani kila unapobanwa ni kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, ukiacha lile la kujinyima maji.

Maji usijinyime. Mkojo mzito huchokoza kibofu, na kinyesi kigumu hukikandamiza. Watu wazima wengi huhitaji lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na zaidi kidogo siku za jua kali; kinachofaa kupunguzwa ni chai ya rangi, kahawa na soda, hasa jioni. Chukua daftari la kawaida na kwa siku 3 uandike saa uliyokojoa, kiasi kwa kutumia jagi lenye alama, ulichokunywa, na kama mkojo ulikuponyoka. Kisha nenda chooni kwa saa, tuseme kila baada ya saa 2, badala ya kusubiri kubanwa, na kama kibofu chako humaliza mkojo vizuri, ongeza dakika 15 kila unapoona umezoea.

Mazoezi ya misuli ya nyonga husaidia kibofu na hisia za uke pia. Kaza misuli kama unayezuia upepo wa tumboni usitoke, bila kukaza matako wala kubana pumzi, shikilia kwa sekunde 5, kisha legeza kabisa kwa sekunde 5 au zaidi. Rudia mara 10, mara 3 kwa siku. Usifanye zoezi hili wakati unakojoa. Matokeo huchukua wiki kadhaa, mara nyingi 6 hadi 12. Ikiwa misuli yako hukakamaa au tendo linauma, mwone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia, kwani huenda unahitaji kujifunza kulegeza kabla ya kukaza.

Sasa usiku wenyewe. Punguza vinywaji saa moja au mbili kabla ya tendo, si kutwa nzima. Nenda chooni, kojoa, tulia kidogo, inama mbele, kisha ujaribu tena. Anayetumia mpira wa mkojo wa kuingiza mwenyewe autumie wakati huo. Mwenye mpira wa kudumu amuulize nesi namna ya kuubandika tumboni usivutwe. Kwa wapangaji ambao choo kiko uani, ndoo yenye mfuniko ndani ya chumba huondoa nusu ya wasiwasi. Tandika taulo nene juu ya karatasi ya plastiki, halafu khanga juu yake, kabla ya kuanza, ili tone likiponyoka lisikatishe chochote. Kulala ubavu, na mto katikati ya magoti, hupunguza mgandamizo juu ya kibofu na huisaidia miguu inayokakamaa. Tumia kilainishi cha maji. Mafuta ya nazi na vazelini huharibu kondomu za mpira.

Joto la mwili likipanda, dalili huzidi kwa muda. Chumba cha bati kilichopigwa na jua kutwa hakifai saa 3 usiku, ilhali alfajiri ubaridi wa usiku umekipoza na uchovu umepungua. Oga maji ya baridi kiasi, kisha chagua saa hiyo. Baadaye kojoa, ujioshe nje tu kwa maji. Ndani ya uke pasioshwe.

Mume aambiwe mchana, si kitandani. Maneno machache yanatosha: “Baba Kulwa, ugonjwa huu umegusa na kibofu. Nikikuomba tusimame kidogo, sikukatai. Nakwenda kukojoa, narudi.”

Kuhusu dawa, oksibutinini na jamii yake hutuliza kibofu lakini hukausha kinywa, huleta choo kigumu na zinaweza kukausha uke au kuchosha akili. Mirabegroni hufanya kazi kwa njia nyingine, ila shinikizo la damu lipimwe. Baadhi ya dawa za sonona hupunguza hamu au huchelewesha kilele. Usiache dawa peke yako, peleka daftari lako hospitali ya rufaa, kama Bugando, na useme mapema, kabla hujaulizwa kuhusu miguu na macho: “Mkojo unanibana, na tendo la ndoa limenishinda.” Unaweza kuomba uonwe na daktari wa kike. Ukipata homa na maumivu ya kiuno, mkojo ukigoma kabisa, au miguu ikilegea ghafla, usisubiri siku ya kliniki, kwa kuwa maambukizi ya mkojo peke yake yanaweza kuamsha dalili zote za zamani.