Procmail: grep ikirudisha 2, barua za watu wako zinapotea

Juzi shemeji yangu wa Newala, anayeshika vitabu vya chama cha msingi cha korosho, kaniletea laptop hapa Shangani. Msimu wa mnada barua pepe za stakabadhi ghalani zinazama kwenye matangazo, akataka asiye kwenye orodha apelekwe foda ya pembeni. Nikamwambia tulia shem, dakika kumi tu. Tulilala saa nane usiku.

1. Sakinisha procmail, ile programu ya kuchambua barua pepe kwenda kwenye foda, hiyo unaijua. Mwanzoni mwa .procmailrc, faili la sheria zake, weka SHELL=/bin/sh, LOGFILE na VERBOSE=on.

2. Faili ~/.watu, anwani moja kila mstari. Andika kwa nano, sio Notepad ya Windows, ile inaacha herufi isiyoonekana mwisho wa mstari na hakuna anwani itakayolingana. Mstari mtupu usiache hata mmoja, kwa grep (komandi ya kutafuta maneno) huo unalingana na kila kitu, matapeli wote wanakuwa ndugu zako.

3. Hapa ndo usiku uliishia. Alama ya ? kwenye sharti inaendesha komandi na kuangalia namba inayorudi, 0 ni ndiyo, nyingine yoyote ni hapana. Mimi kwa ujanja wangu:

`* ! ? formail -xFrom: | grep -qiF -f $HOME/.watu`

Yaani formail inachomoa mtumaji, grep inamtafuta kwenye orodha, na ! inageuza jibu: asipopatikana, pembeni. Ikafanya kazi vizuri mpaka nilipolibadili jina lile faili nikasahau sheria. Sasa grep ina namba tatu: 0 nimeona, 1 nimetafuta sijaona, 2 nimeshindwa hata kutafuta. Procmail haitofautishi 1 na 2, na ile ! inazigeuza zote kuwa ndiyo, kwa hiyo barua ZOTE zikaenda pembeni kimya kimya, hadi za chama kikuu, na mimi nahangaika na seva wakati kwenye log grep inalia "No such file or directory" tangu saa tatu. Achana na !, tengeneza ~/bin/mgeni (chmod +x usisahau, ndo inaruhusu kuiendesha):

```
#!/bin/sh
formail -xFrom: | grep -qiF -f "$HOME/.watu"
[ $? -eq 1 ]
```

$? ni namba ya komandi iliyotangulia, kwa hiyo ndiyo inatoka pale tu grep inaporudisha 1. Usichomeke echo kati ya hiyo mistari miwili ya chini, $? itakuwa ya echo. Nilichomeka.

4. Sheria yenyewe kwenye .procmailrc:

```
:0:
* ? $HOME/bin/mgeni
pembeni
```

Sharti linapewa kichwa cha barua tu, ukitaka na mwili andika `:0 HB:`.

5. Jaribu kwa `~/bin/mgeni < barua.txt; echo $?`, barua.txt ni barua yoyote uliyoihifadhi. Aliyemo atoe 1, asiyemo 0, halafu lihamishe faili la orodha kwa makusudi: lazima itoke 1.