Namna ya kufuatilia majina ya wazee wako

Kwetu Wete, kisiwani Pemba, jina ni mnyororo: lako, la baba, la babu. Usimuulize mzee "ukoo wetu upi?" Mkute barazani baada ya laasiri, umuulize: babu alikuwa mwana wa nani, na huyo wa nani? Bibi yangu alinihesabia vizazi sita huku akichambua karafuu, vikonyo huku, karafuu kule, wala mkono haukusimama. Muulize na upande wa kikeni. Mwanamke wetu haachi jina la baba yake kwa kuolewa, kwa hiyo jina la bibi linakufikisha kwa babu mwengine.

Kisha litazame jina lenyewe. Khamis na Mwanakhamis ni Alhamisi, Juma na Mwanajuma ni Ijumaa. Rajab, Shaaban na Ramadhan ni miezi. Barwani na Riyami yanaelekea Oman, Shirazi Uajemi.

Ulizia sana jina la utotoni, maana hapa ndipo wengi hupotea. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyezaliwa Fumba, kwanza aliitwa Mtumwa. Siti, yaani bibi wa heshima, alipewa baadaye. Ukimtafuta mtu kama huyo kwa jina moja tu, nusu ya maisha yake huioni.

Cheti kikiandika Hamisi na bibi akasema Khamis, andika yote mawili. Tumia penseli, na urudi kesho yake: bibi yangu alimkumbuka babu wa saba nilipokwisha vaa viatu.